Tasa, Tarakimu Nane

Barua ya hospitali ilikuja Jumanne, pamoja na tangazo la piza.
Juu ya jina langu, ambalo wameliandika vibaya tena,
namba ya mgonjwa: 73939133.
Chini yake aya mbili za pole.

Nilifundisha hesabu Muheza, darasa la saba, miaka tisa.
Sasa nasafisha ofisi za Sheffield wenyewe wakiwa wamelala.
Nilikaa jikoni na koti mwilini, hita imezimwa kuokoa senti,
nikageuza bahasha, nikaanza.

Si shufwa. Ni witiri,
kama rakaa ile ya mwisho niliyoisali peke yangu.
Jumla ya tarakimu thelathini na nane: tatu haiingii.
Saba inabakisha mbili.
Kumi na moja inabakisha nne.
Kumi na tatu inabakisha nane, nikadhani kuna mpango,
hakukuwa na mpango.

Kipeuo chake cha pili hakifiki elfu nane na mia sita,
lakini hadi hapo vigawo vya kujaribu vinapita elfu moja.
Wiki tatu za Februari, kila nikitoka zamu,
kikokotoo, penseli, chai iliyopoa,
theluji ikigeuka tope kwenye mteremko wa Walkley.
Hakuna kilichoingia.

Nilicheka, jirani akagonga ukuta.
Maana sisi namba isiyogawanyika tunaiita tasa.
Niliwahi kuliandika neno hilo ubaoni kwa herufi kubwa,
wavulana wa nyuma wakacheka,
nikawagombeza kuliko walivyostahili.
Ndilo alilolisema mama mkwe kwenye simu
akidhani nimeshakata.

Basi nikakata.
Nikaifuta tarakimu ya mwisho, nikapima kilichobaki:

7393913, tasa.
739391, tasa.
73939, tasa.
7393, tasa.
739.
73.
7.

Kila ukimpunguza anabaki mzima.
Sikulala.

Asubuhi nikajaribu kinyume: kuiongezea.
Shufwa yoyote mkiani, mbili inaila.
Sifuri na tano, tano inazila.
Moja au saba, tatu inaingia bila kubisha hodi.
Tatu na tisa zilinisumbua hadi Machi,
kisha nazo zikapasuka.
Haiongezeki, hii. Imefika ilipofika.
Hakuna kubwa kuliko hiyo ya ukoo huo.
(Nilimweleza muuguzi Kirsty, akaniuliza kama napata usingizi.)

Ipo namba nyingine niliyoijua zamani, ishirini na nane.
Vigawo vyake, moja, mbili, nne, saba, kumi na nne,
ukivijumlisha vinairudisha yenyewe.
Kamilifu, ndivyo tunavyoisifu darasani.
Nami imenirudia miaka kumi na mmoja,
kamilifu kila mwezi,
na sikuona alichokamilisha mtu.

Namba tasa vitabuni ni pungufu:
ukitoa yenyewe, kigawo chake ni moja tu.
Sawa. Pungufu.
Lakini kila namba nzima, hata ile ishirini na nane,
ukiivunja hadi isivunjike tena
unakuta matasa. Mbili, mbili, saba.
Mama mkwe hakufika darasa hilo.

Shebe alirudi saa saba usiku kutoka kuendesha tramu,
sare yake inanuka breki.
Akaona bahasha, meza nzima imejaa namba, akavua viatu.
“Umepata nini?”
Nikamwonyesha sabini na tatu:
mraba wa tatu na mraba wa nane,
miraba miwili, na kwa njia moja tu, hakuna jozi nyingine.
“Na ile kubwa?”
Nne inabakisha moja, nikasema, kwa hiyo nayo inayo jozi yake,
moja, mahali fulani.
Sijaitafuta.

Akasogeza kiti, akaomba penseli.
Mwandiko wake mbaya. Anaandika nne kama tisa.
Tulianza na moja.